Kitambaa cha Kidevuni

Nyamache,
18 Agosti 2025

Mama Maureen,

Salamu ulizonituma nimezifikisha kwa kila uliyemtaja, kwa hiyo tusizirudie. Nakuandikia kwa sababu kuna mambo ambayo baba mkwe hawezi kumuuliza mkaza mwana wake uso kwa uso, wala kwenye simu, maana sauti nayo ni mtu. Wewe umetoka Chuka, huenda kwenu mnaambiana tu. Sisi tuna chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mzazi na nyumba ya mwanawe. Tangu Makori akuoe miaka saba iliyopita sijavuka mlango wake, awe Sironga au hapa nyumbani, na sitavuka. Ndiyo maana wakati wa makambi ya kanisa nililala kwa jirani yenu Ombati. Basi karatasi iniulizie.

Ukuta wa Ombati na wenu ni mmoja. Makori ni mwanangu, namjua. Tangu abalehe amekoroma mpaka kuku wanahama kwenye mti. Siku tatu nilizolala pale, kila nilipoamka sikusikia mkoromo hata mmoja. Nilisikia kitu kinapuliza, fyuu, fyuu, kama tairi lenye pancha. Asubuhi ya mwisho Persis, mke wa Ombati, aliwapelekea maziwa, akarudi mkono uko kifuani. Anasema mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Makori amelala chali, kitambaa cheupe kimepita chini ya kidevu kikafungwa juu ya utosi.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimesimama kwenye matanga mengi kuliko harusi. Kidevu cha mtu hufungwa kitambaa cheupe mara moja tu, na mwenyewe huwa hajui nani amemfunga.

Naomba majibu mawili. Mwanangu ana nini? Na kwa nini nimeambiwa na Persis, si na wewe?

Babake mumeo,
Mwalimu Ochoki


Sironga,
24 Agosti 2025

Baba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Makori yu hai. Amemaliza ugali na kunde sasa hivi, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia naandika vipimo vya sare za shule.

Ugonjwa wake ni huu. Akilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, kisha inarudi kwa kishindo. Mkoromo mliokuwa mkiucheka kumbe ndio uliokuwa ukimnyonga. Mwezi wa tano alisinzia akiwa amesimama kazini, kwenye mashine ya kusaga unga, mkono ukabaki nusu futi kutoka kwenye ule mkanda unaozunguka. Tukaenda kliniki moja Kisii mjini, wakampima usingizi, tukatoka na mashine inayosukuma hewa kwa bomba hadi kwenye barakoa ya pua. Hiyo ndiyo fyuu uliyoisikia. Ikifanya kazi, hakoromi.

Shida yetu ni mdomo. Makori amevuta vumbi la unga miaka kumi na miwili na pua yake imeziba, kwa hiyo akilala anaachama. Hewa inaingia puani, inatokea mdomoni, kazi yote bure. Anaamka ulimi umekauka kama ganda la ndizi lililosahauliwa juani. Kwanza aliona kwenye simu watu wanajibandika plasta mdomoni, naye akajaribu. Muuguzi akamgombeza: mtu mwenye pua iliyoziba, ukimziba na mdomo, atapumulia wapi? Akatuambia tumwoshe pua kwa maji ya chumvi kila jioni, tuongeze unyevu kwenye mashine, na tujaribu mkanda wa kushikilia kidevu. Ule wa dukani ulimchubua sikio. Mimi ni fundi cherehani, Baba, nikashona wangu. Ni mweupe kwa sababu kitambaa kilibaki kwenye nguo za kwaya. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Kwa nini hukuambiwa? Hilo muulize Makori. Mimi aliniapisha nisiseme, na leo nimevunja kiapo kwa ajili yako.

Persis nitamwambia mwenyewe kwamba mlango wazi nao hubishwa hodi.

Wako kwa heshima,
Purity


Nyamache,
1 Septemba 2025

Mama Maureen,

Barua nimeipata kwa mkono wa Haron alipotoka kuuza ndizi Nyamira. Mwandiko wako ni safi. Habari zenyewe ndizo sijazimeza.

Nilimpigia Makori. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema haumwi. Nikamuuliza, mashine ni ya nani? Akasema, "Ni mambo ya Purity, Baba. Nalala nayo ili nyumbani kuwe na amani." Sasa nimwamini nani? Wewe unasema alikuapisha. Yeye anasema unamlazimisha. Mmoja wenu ananidanganya, na mmoja wenu ni damu yangu.

Tena plasta! Unaniandikia kwa wino kwamba mdomo wa mwanangu uliwahi kubandikwa, halafu unataka nitulie.

Nitakueleza kwa nini situlii, maana ulipoolewa jambo hili lilikuwa limefunikwa. Makori alikuwa na kaka, Job, kifungua mimba wangu. Mwaka 2016 alikunywa uji wa wimbi aliopikiwa na mkewe Eucabeth, akalala, asiamke. Mtu wa miaka thelathini na tisa, shingo kama ya fahali, hajui hata mafua. Wazee walimuuliza Eucabeth usiku ule ulikuwaje. Akasema hakusikia kitu, alikuwa amelala. Mke na mume, kitanda kimoja, asisikie kitu! Baada ya mazishi alirudi kwao Magwagwa na mtoto wake Gesare. Hakuna aliyemfukuza. Tulinyamaza tu mpaka akaelewa.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe hupendi nikushuku, nami sipendi kuzika mtoto wa pili.

Jumapili nitakuja na Obadiah, binamu yake. Makori atakaa nyumbani wiki mbili, alale kwenye nyumba yake aliyoijenga hapa, apumue hewa ya Mungu. Mashine hiyo nayo ije. Nataka kuiona.

Mwalimu Ochoki


Sironga,
4 Septemba 2025

Baba,

Kwa hiyo mimi ni Eucabeth wa pili. Afadhali umeandika. Miaka saba nimekuwa nikijiuliza kwa nini kwenye sherehe zenu nikigusa sufuria ya uji kuna mtu wa kuja kunisaidia.

Sitakuzuia. Makori amesema atakuja, maana mbele yako hajawahi kusema hapana. Nimemuuliza kwa nini alikudanganya kwenye simu. Aligeukia ukuta.

Mashine itakuja, pamoja na barakoa, chupa ya maji ya chumvi na mkanda. Ni ya kuvaliwa, si ya kutazamwa. Na kabla hujafika, nina swali. Job alikuwa akikoroma, halafu akanyamaza, kisha akashtuka kama mtu aliyetolewa majini? Mimi sikumjua, namuuliza aliyemlea. Muuguzi alituambia ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye ukoo, hasa kwa watu wenye shingo nene. Shingo ya fahali umeitaja wewe mwenyewe.

Nimekasirika, Baba, na sitaficha. Makori akipatwa na lolote akiwa kwako bila mashine, mimi pia nitaita wazee. Mimi pia nitauliza usiku ule ulikuwaje.

Purity


Nyamache,
12 Septemba 2025

Puri,

Haron atakupa barua hii chini ya mkungu wa ndizi. Mambo haya usiyaseme kwenye simu, kwa sababu naichajia kwa Baba na yeye ndiye anayepokea.

Mashine iko chini ya kitanda chake, imefunikwa gunia. Anasema nikae wiki mbili bila hiyo tuone kama nitakufa. Anasema kama mzaha ila hacheki. Obadiah analala sebuleni kwangu eti ananichunga, lakini yeye akilala hata ng'ombe akiingia hamwamshi. Maumivu yale ya kichwa ya asubuhi yamerudi. Jana nilisinzia nikiwakatia ng'ombe majani, panga likaanguka karibu na kidole gumba cha mguu.

Nina la kukiri. Ni kweli nilimwambia Baba ni mambo yako. Uliniuliza sababu nikageukia ukuta, kwa hiyo ngoja niseme hapa ambapo huoni uso wangu.

Nilipokuwa kijana nililala chumba kimoja na Job. Pumzi yake ilikuwa inakatika vilevile. Nilikuwa namrushia teke, anashtuka, anapumua, tunaendelea kulala. Muuguzi aliponieleza ugonjwa wangu niliutambua kabla hajamaliza sentensi. Nikimwambia Baba ninao, nitakuwa nimesema Job alikuwa nao. Na siku wazee walipomkalisha Eucabeth mimi nilikuwa kwenye kikao kile, karibu na mlango. Nilijua kuhusu zile pumzi. Sikufungua mdomo. Ilikuwa rahisi zaidi kusema ni mambo ya mke wangu.

Mkanda wako ninao. Hauna kazi bila mashine lakini naulalia chini ya mto.

Makori


Nyamache,
19 Septemba 2025

Mama Maureen,

Makori amelala na mashine, leo ni siku ya tatu. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Swali lako kuhusu Job sikulijibu, nalo halikuniacha. Jumanne usiku nilitoka na saa niliyokuwa nikisimamia nayo mitihani, nikasimama nje ya dirisha la Makori. Alikuwa anakoroma. Nilifurahi, nikajisemea, huyo sasa ndiye mwanangu. Kisha akanyamaza. Nikamulika saa. Sekunde ishirini. Thelathini. Akashtuka, akavuta pumzi kama anang'oa kitu. Akakoroma kidogo, akanyamaza tena, arobaini. Kila akinyamaza nilimwita Obadiah kwa sauti ya chini, na Obadiah, ambaye nilimleta kumchunga, hakugeuka hata ubavu.

Ilipopita hamsini sikuangalia saa tena. Mlango ule niliokuambia sitauvuka, niliuvuka. Nilimkuta ameachama kama kinda la ndege. Nikamshika kidevu kwa mkono wangu, nikamtikisa mpaka akafungua macho. Aliponiona chumbani mwake alifunika uso kwa blanketi kwa haya, nami nikageuka nikatazama ukuta. Tulikaa hivyo, wanaume wawili wazima. Akasema kutoka ndani ya blanketi, "Baba, Job alikuwa hivi." Nikasema, "Najua."

Nilikwenda kutoa mashine chini ya kitanda changu, nikaivutia umeme kwa waya mrefu kutoka kwangu. Barakoa alivaa mwenyewe. Mkanda ulikuwa chini ya mto, nikamfunga mimi. Mikono yangu ilijua namna, Mama Maureen, kwa sababu Job nilimfunga mimi.

Uliuliza kama alikoroma akanyamaza. Ndiyo. Marehemu mama yao alikuwa akisema Job anapigana na mtu usingizini, na tulicheka. Alipokufa daktari alitaka kumpasua ajue kilichomuua. Mimi nilikataa. Nilisema nakijua tayari.

Makori atarudi kwako Jumapili. Ulinijibu kila nilichokuuliza, nami nikakuona mwongo. Nisamehe. Sasa niambie, Eucabeth nimwandikieje?

Ochoki


Sironga,
23 Septemba 2025

Baba,

Makori amefika, na mashine, na ndizi nyingi kupita watu waliomo humu. Nimeona ni ndizi za kuomba radhi. Tumezipokea. Hasira yangu bado ipo, itaisha, lakini si wiki hii. Na Makori naye nina yangu naye.

Maneno ya kumwandikia Eucabeth sitakupa. Ulipomshuku hukumuomba mtu akuandikie. Ila usimwambie ulikuwa na uchungu, maana yeye ndiye aliyefiwa na mume na hakumfukuza mtu. Wala usimwambie sasa unajua kilichomuua Job. Nilimuuliza muuguzi, akasema baada ya miaka hii yote hakuna anayeweza kuapa. Wewe ulishajua mara moja, inatosha.

Jambo jingine. Ombati alikuwa anaona haya kukuambia, kwa hiyo ameniambia mimi. Zile siku tatu ulizosikiliza ukuta wetu, yeye na Persis hawakulala. Ulikuwa unakoroma, unanyamaza, unashtuka. Persis alitaka kuja kukugusa aone kama upo. Nenda ukapimwe.

Nimeshona mkanda mpya kwa mpira wa kaptura za michezo, mwekundu. Unashika kuliko ule mweupe, na pua inaanza kufunguka. Leo asubuhi kwa mara ya kwanza Makori ameamka akameza mate bila kuomba maji.

Purity


Nyamache,
13 Oktoba 2025

Eucabeth, mama Gesare,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mabaya yote niliyokusemea niliyasema kwa Kikisii, na sina uso wa kukurudia kwa lugha ileile.

Makori ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na sasa hulala na mashine ya hewa na mkanda wa kidevu alioshonewa na mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Mimi nimepimwa wiki iliyopita kwenye kliniki yao ya Kisii mjini, nami ninao. Job alikoroma na kunyamaza kama sisi. Siwezi kuapa ndio uliomchukua, kwa sababu nilikataa asipasuliwe, na kwa kukataa huko nilikunyima shahidi pekee uliyekuwa naye. Habari ya uji niliianzisha mimi. Wazee walinifuata kwa kuwa nilikuwa mwalimu wao. Ulisema ulikuwa umelala nikaona ni uongo. Mwezi jana mwanangu alikatika pumzi mara kadhaa, na mwanamume mzima aliyewekwa kumlinda, chumba cha pili, hakusikia kitu. Mtu anaweza kuwa amelala tu. Ilinichukua miaka tisa kulijua jambo hilo dogo.

Nyumba ya Job ipo, mabati yake nimeyabadilisha. Shamba la chai la upande wa mtoni ni la Gesare, nami nitalisema hilo mbele ya wazee walewale, mahali palepale.

Sikuombi urudi. Naomba ruhusa nije Magwagwa, nisimame nje ya mlango wenu, nikuombe msamaha kwa mdomo. Ukinikatalia nitarudi nilikotoka bila kinyongo.

Ochoki


Magwagwa,
26 Oktoba 2025

Baba,

Barua yako nimekaa nayo ndani ya Biblia siku kumi. Nilikuwa natafuta mtego. Nilimpa kaka yangu Mathew aisome, tukajiuliza ni karatasi gani mnataka nitie saini. Hatukuona. Hata hivyo bado naangalia.

Nitakuambia jambo ambalo sikuwaambia wazee. Job alikuwa akikatika pumzi tangu siku tulipooana. Nilikuwa namgeuza ubavu, anapumua. Kila usiku, mara tano, mara sita, miaka minane. Sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani kila mke humgeuza mumewe. Siku ile nilikuwa nimechuma chai tangu alfajiri, na nilipolala, nililala kabisa. Ndiyo siku moja tu ambayo sikumgeuza. Kwa hiyo mlipokuwa mkinitazama vile, sikubisha. Ninyi mlinishuku kwa ajili ya uji. Mimi nilijishuku kwa ajili ya usingizi, na sijaacha.

Kusamehe sijui bado. Chai ya mtoni tutaizungumza Mathew akiwepo.

Lakini usije kusimama mlangoni kwangu kwanza. Gesare sasa ana miaka kumi na mitano. Anasinzia darasani, walimu wanasema ni mvivu. Analala kinywa wazi. Anakoroma, halafu ananyamaza, nami namgeuza. Tangu tuondoke kwako sijalala usiku mzima hata mmoja.

Niandikie jina la kliniki hiyo na siku wanayopima. Tukutane hapo saa mbili asubuhi. Njoo na huyo mke wa Makori, na mwambie abebe utepe wake wa kupimia. Kidevu cha Gesare ni kidogo.

Eucabeth